Nywele, Jezi na Gauni la Stroberi: Rekodi za Mitindo Iliyozaliwa Mtandaoni

Iliyopanda upesi kuliko zote

Juni 2011, DJ mmoja wa New York anayejiita Lil Internet aliota koti la ngozi. Mahali pa vile vichuma ambavyo mapanki hupigilia mabegani, koti la ndotoni lilikuwa limegandwa na viumbe wa magamba, wale wanaong'ang'ania chini ya jahazi. Aliiandika ndoto yake Twitter kwa sentensi moja na kuipa jina: seapunk. Wenzake waliipokea kwa utani, kisha utani ukaanza kuvaliwa. Vijana wachache, wengi wao wa Chicago, walitia nywele rangi ya feruzi, wakavaa fulana zenye pomboo na alama za yin na yang, wakajaza kurasa zao za Tumblr picha za bahari zilizochorwa kwa kompyuta kwa ufundi wa kizamani wa miaka ya 1990. Machi 2012 gazeti la The New York Times likawaandika. Tarehe 10 Novemba mwaka huohuo Rihanna aliimba "Diamonds" katika kipindi cha Saturday Night Live, na nyuma yake ikapita bahari ileile ya kompyuta. Kesho yake Azealia Banks akatoa video ya "Atlantis" yenye rangi zilezile na viumbe walewale.

Kutoka ndoto ya mtu mmoja hadi televisheni ya Marekani nzima ilichukua miezi 17. Waanzilishi walikasirika na kusema hadharani kwamba wameibiwa. Walikuwa na haki ya kuumia, maana kazi yao ilipandishwa jukwaani bila wao. Mtindo wenyewe haukupona. Baada ya usiku ule, aliyetia nywele feruzi alionekana anamuiga Rihanna.

Nimetanguliza kasi kwa sababu ndiyo sifa ambayo mitindo ya mtandaoni husifiwa nayo kila mahali. Mimi naipa uzito mdogo. Ninapopima mtindo wa vijana nauliza mambo mawili: waliovaa walitoa nini ili wavae, na walipata nini ambacho hawakuwa nacho kabla. Ukipima hivyo, majina makubwa ya TikTok yanateremka chini kabisa, na wanaopanda ni watoto ambao magazeti ya mitindo hayakuwahi kuwapigia hodi.

Iliyojaza ngazi za soko

Kabla ya Instagram kulikuwa na Fotolog, mtandao wa picha ulioanzishwa Marekani mwaka 2002 na kukolea zaidi Amerika ya Kusini. Sheria yake ilikuwa ngumu: asiyelipa aliruhusiwa kuweka picha moja kwa siku, basi. Nafikiri sheria hiyo ndiyo iliyowajenga vijana wa Argentina walioitwa floggers. Mwenye nafasi moja kwa siku hujiandaa. Anavaa, anachana nywele ziangukie jicho moja, anampa mwenzake kamera, wanapiga na kurudia mpaka ipatikane moja ya kuweka, kisha wanapita kwenye kurasa za wenzao kuacha maoni ili nao warudishiwe.

Mwaka 2008 mamia ya vijana hao walikuwa wakikutana kwenye ngazi za Abasto, jengo la maduka la Buenos Aires ambalo zamani lilikuwa soko kuu la matunda na mboga. Walivaa suruali za kubana za rangi kali, fulana zenye shingo ya V na raba, wakacheza muziki wa elektroniki kwa miguu iliyorushwa haraka haraka. Walinzi waliwafukuza, nao wakarudi. Katikati yao alikuwa Agustina Vivero, binti wa miaka 17 aliyejulikana kama Cumbio. Hakuwa mwembamba wala mrefu kama wanamitindo, hakutoka kwenye familia ya fedha, na alisema wazi kwamba anapenda wasichana, miaka miwili kabla Argentina haijapitisha sheria ya ndoa za jinsia moja. Mwaka huohuo alitoa kitabu, na Nike wakampa mkataba wa matangazo. Leo kazi yake ina jina, mawakala na bei. Yeye aliifanya kabla mtu yeyote hajajua kwamba ni kazi.

Chile walikuwa na jamaa zao, pokemones, wenye nywele zilizosimamishwa kwa jeli na pini midomoni, nao pia walilelewa na Fotolog. Rekodi ya kukusanya watu naiweka Abasto hata hivyo, kwa sababu pale picha iliyotoka mtandaoni iliwashusha watu barabarani wakaonana uso kwa uso, kila wiki, kwenye ngazi zilezile.

Iliyolipiwa kwa damu

Emo ilianzia kwenye muziki wa vijana wa Washington katika miaka ya 1980, lakini umbo tunalolijua, yaani nywele nyeusi zilizofunika nusu ya uso, wanja mzito na jinzi za kubana, lilisambazwa dunia nzima na MySpace. Lilipofika Mexico lilikuta chuki. Tarehe 7 Machi 2008, mjini Querétaro, mamia ya vijana walioitana kwa ujumbe wa mtandaoni walimiminika uwanja wa katikati ya mji na kuwapiga emo waliokuwa wamekaa pale. Wiki iliyofuata vurugu zikahamia Jiji la Mexico, kwenye mzunguko wa Insurgentes. Emo wakajibu kwa maandamano. Vijana wa miaka 15 na 16, wengine wakiwa na wazazi wao, walitembea barabarani wakidai haki ya kuvaa walivyovaa bila kupigwa.

Baghdad ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa 2012 maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Iraq waliitaja emo kuwa ushetani, na katika majuma yaliyofuata vijana waliovaa au kukata nywele kwa namna ile waliuawa. Orodha za majina zilibandikwa mitaani kuwaonya wengine. Wengi walinyoa usiku mmoja.

Mtu akiniambia kwamba mitindo ya mtandaoni ni mchezo wa watoto waliochoka kukaa bure, mimi huanza na Querétaro na Baghdad kumjibu. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya chupa ya maji.

Iliyouzwa ikiwa bado tumboni

Chupa hiyo ni ya VSCO girl. Katikati ya 2019 wasichana wa Marekani walijikuta wamepewa jina la programu ya kuhariri picha. Sare yao ilikuwa fulana kubwa inayofunika kaptura, vibanio vya kitambaa mkononi, mkufu wa makombe, viatu vya Crocs, mkoba wa Kånken kutoka Sweden, na chupa ya chuma ya Hydro Flask iliyobandikwa stika. Walizungumzia kuwaokoa kasa na mirija ya plastiki, na wengi walimaanisha. Ila ukisoma orodha ile tena utaona karibu kila kitu kina nembo ya kampuni. Ilikolea msimu mmoja wa kiangazi na ilipofika mwaka uliofuata ilikuwa imetoweka.

Normcore ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa ilitungwa na watu ambao kazi yao ni kutabiri soko. Kikundi cha K-Hole cha New York kiliiandika katika ripoti ya Oktoba 2013, kikimaanisha tabia ya mtu kujiweka huru asitafute upekee. Februari 2014 jarida la New York likaigeuza kuwa jinzi za kawaida na raba nyeupe, na maduka yakaipokea hivyo. Sina zaidi la kusema juu yake.

Gauni lililotukanwa kwanza na kupendwa baadaye

Cottagecore ilikuwa ikiishi kimya Tumblr tangu 2018 hivi: mikate ya kuoka nyumbani, bustani, magauni marefu ya maua, maisha ya shamba yasiyo na jembe wala jasho. Ilipofika 2020 dunia ikafungiwa ndani kwa sababu ya korona, na ndoto ya uwanda wazi ikawafikia mamilioni. Gauni moja likawa bendera yake. Lilishonwa na Lirika Matoshi, mbunifu mzaliwa wa Kosovo anayefanya kazi New York: kitambaa laini cha waridi kinachopitisha mwanga, shingo iliyokatwa chini, mikono iliyojaa, na juu yake stroberi ndogondogo nyekundu zinazometameta kuanzia begani hadi pindo. Bei yake ilikuwa dola 490.

Januari mwaka huohuo, kabla ya korona kufika Marekani kwa kishindo, mwanamitindo Tess Holliday alilivaa kwenye tuzo za Grammy. Yeye ni mwanamke mnene, na waandishi wakamweka kwenye orodha za waliovaa vibaya usiku ule. Ilipofika Agosti, gauni lilelile kwenye miili myembamba likawa ndoto ya mtandao mzima, na Holliday mwenyewe akalikumbusha hilo waziwazi. Alikuwa sahihi. Kwa hiyo rekodi ya gauni hili kwangu si ya mauzo. Ndilo lililothibitisha, kwa ushahidi wa miezi saba na mbele ya kila mtu, kwamba wengi walikuwa wakiutazama mwili kwanza na nguo baadaye.

Jambo moja la cottagecore linanifurahisha kwa dhati. Wasiokuwa na dola 490 walinunua kitambaa, wakajifunza kukata na kushona kwa video, wakajishonea la kwao. Mtindo unaomfundisha kijana kushika cherehani umemwachia kitu hata ukipita.

Iliyodumu

Hapa mshindi anatoka Japani, na kusema kweli haikuzaliwa mtandaoni. Lolita, ile ya sketi zilizofura kwa kombinezoni, lesi na kofia za kamba, ilikua Harajuku, Tokyo, katika miaka ya 1990. Nje ya Japani, lakini, ililelewa na intaneti: jumuiya kubwa ya LiveJournal ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasichana wa Ulaya na Marekani walijifunza humo namna ya kuagiza, kupima na kuuziana nguo zilizokwishavaliwa. Jarida la FRUiTS, ambalo mpiga picha Shoichi Aoki alilianzisha mwaka 1997 kuwapiga picha vijana wa Harajuku, lilisimama 2017 kwa kuwa mwenyewe aliona vijana wa kupigwa picha wamekwisha mitaani. Lolita bado wanakutana kunywa chai. Nguo zao ni ghali, zinashonwa vizuri na zinatunzwa, na kununua moja humwingiza mtu kwenye mtandao wa wauzaji, wanunuzi na marafiki ambao si rahisi kuuhama.

Hasara kubwa kuliko zote

Machi 2019 MySpace ilikiri kwamba wakati wa kuhamisha seva ilipoteza picha, video na muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuwa milioni 50. Picha hakuna aliyejisumbua kuzihesabu, ingawa ndimo kizazi kizima cha scene, wale wadogo zake emo waliotia nywele rangi ya waridi na kijani na kuzitibua mpaka zikasimama, kilikuwa kimejihifadhi. Fotolog ilizimwa ghafla mwanzoni mwa 2016. Polyvore, ambako mamilioni walikuwa wakipanga mavazi kwa kubandika picha kama kwenye daftari, ilifungwa Aprili 2018 siku hiyohiyo tangazo lilipotoka. Tumblr bado ipo, lakini thamani yake ni kisa peke yake: Yahoo waliinunua kwa dola bilioni 1.1 mwaka 2013, na ilipouzwa tena 2019 vyombo vya habari viliripoti bei isiyofika dola milioni 3.

Nikiwa na uwezo wa kuliambia jambo moja kila jumba la makumbusho lenye chumba cha mavazi, ningesema wakatafute picha za simu za miaka ile sasa hivi, kwa waliozipiga, kabla simu zenyewe hazijaoza kwenye madroo.

Iliyo kuu

Shamate ya China ndiyo naiweka juu ya zote.

Luo Fuxing alizaliwa 1995 Meizhou, jimbo la Guangdong. Akiwa mdogo, kwenye duka la intaneti, aliona picha za wanamuziki wa Japani waliosimamisha nywele na kujipaka rangi, akachanganya alichokiona na alichokuwa nacho, akajipiga picha na kuiweka kwenye QQ, mtandao wa kuchati wa kampuni ya Tencent. Wengine wakaiga, na hiyo ikawa shamate. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, QQ ilijaa makundi yaliyojiita familia. Kila familia ilikuwa na wakuu, wasimamizi, kazi zilizogawanywa, na sharti la kujiunga: lazima nywele ziwe za kweli kichwani, na picha itumwe kama ushahidi.

Nywele hizo zilikuwa ajabu. Zilipandishwa juu na pembeni, nyekundu, buluu, zambarau, zikakazwa kwa spray ya bei rahisi mpaka zikawa ngumu kama makumbi. Usoni wanja na lipstiki, kwa wavulana na wasichana. Nguo zilitoka kwenye meza za sokoni. Kila kitu kiligharimu pesa ndogo, kwa kuwa pesa haikuwepo: wenye nywele walikuwa watoto wa vijijini walioacha shule mapema na kwenda kufanya kazi viwandani, Dongguan, Shenzhen na miji mingine ya kusini, saa 12 kwa siku na wakati mwingine zaidi. Wengi wao walilelewa na bibi na babu huku wazazi wakiwa kwenye viwanda hivyohivyo. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria watoto wa namna hiyo, walioachwa vijijini, kuwa milioni 61.

Luo ameeleza kwa nini walivaa vile, na maelezo yake yananigusa kuliko nadharia yoyote. Kijana aliyefika mjini peke yake, mwenye sura ya upole, aliibiwa na kuonewa. Mwenye nywele zile alionekana mkorofi, watu wakamwacha. Tena walimtazama, naye hakuwa amezoea kutazamwa. Na jioni, kwenye duka la intaneti, kulikuwa na familia iliyomwuliza amekula nini. Huko Shipai, mji mdogo wa viwanda ndani ya Dongguan, walikutana kwenye kumbi za kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na sikukuu ya taifa, tarehe 1 Oktoba, walijaa bustanini na nywele zao zote.

Kisha watu wa mijini wakawaona. Kufikia 2013 hivi neno shamate lilikuwa tusi la mtandao mzima, likiwa na maana ya mshamba asiyejua alivyo. Wapo waliojiunga na makundi ya QQ kwa hila, wakapanda vyeo, kisha wakayavunja. Barabarani walipigwa, wengine wakachomwa nywele. Viwanda vikakataa kumwajiri mwenye rangi kichwani, naye aliyetaka kazi akanyoa. Hivyo mtindo wenye watu wengi maskini kuliko wowote ninaoujua ulifutwa na watu waliokuwa na shule na simu bora, bila sheria hata moja kutungwa.

Aliyewasikiliza ni Li Yifan, mwalimu wa sanaa wa Chongqing. Filamu yake kuhusu shamate ilitoka 2019. Aliwafuata majumbani na viwandani, akawaacha waongee, na akanunua kwao video walizojipigia wenyewe kwenye mistari ya kazi: mikono inayorudia tendo moja, haraka, mbele ya mashine isiyosimama. Ukiitazama mikono ile halafu ukaona nywele za Jumapili, huhitaji kuelezwa. Wengi wanasema mbele ya kamera kwamba miaka ile ya nywele ndiyo miaka waliyokuwa na furaha.

Safari ndefu kuliko zote

Ya mwisho ni rekodi ya kwetu, Afrika Mashariki. Fulana iliyovaliwa msimu mmoja na msichana wa Ohio kwa sababu ya TikTok huishia kwenye robota, robota likashuka Mombasa au Dar es Salaam, na nguo ikafunguliwa kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba, Karume au Owino. Gikomba wana mpangilio wao: chaguo la kwanza kutoka kwenye robota huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Wachuuzi vijana wa Nairobi huziwahi kamera, wakazifua, wakazipiga pasi, wakazivaa wenyewe mbele ya simu na kuziuza Instagram au kwa matangazo ya moja kwa moja ya TikTok. Ndugu wawili wa Nairobi wanaojulikana kama 2ManySiblings, Velma Rossa na Papa Petit, walikuwa wameshaonyesha njia: walivaa mitumba kwa ustadi, wakaziweka picha Tumblr, na dunia ikaja kuwatafuta.

Biashara hii ilikaribia kufungwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, na iliyoshikilia msimamo hadi mwisho ilikuwa Rwanda, ambayo Julai 2018 ilipoteza nafuu hiyo kwa nguo zake. Naheshimu msimamo wa Kigali, na bado naona alichokijenga kijana wa Gikomba ni ubunifu halisi. Sijaona mtu aliyeyapatanisha mambo haya mawili vizuri.

Desemba 2021 Mmarekani aitwaye Brandon Huntley aliutaja TikTok mtindo aliouita blokecore: jezi ya zamani ya mpira, jinzi na raba. Magazeti ya mitindo yakaupokea kama kitu kipya. Ilala, Eastleigh na Kawempe vijana walikuwa wamevaa hivyohivyo tangu wazazi wao wakiwa vijana, na jezi walizovaa zilitoka kwenye marobota hayohayo. Sasa jezi za miaka ya 1990 zinatafutwa Ulaya, na muuzaji wa mitumba anayezijua misimu, wadhamini na namba za mgongoni kwa kuziangalia tu ana utaalamu ambao wakusanyaji wa London wanalipia.